TAIRI LIKIPASUKA, USIKANYAGE BREKI!



Subiri kwanza. Usikikunje kikaratasi hiki ukakitia mfukoni, wala usikifungie karanga. Najua umepewa pale mlangoni mwa uwanja. Labda hukuja kusikiliza mahubiri, ulifuata magitaa. Labda ulikuwa unapita tu na bodaboda yako unatafuta abiria. Haidhuru. Nakuomba dakika kumi tu. Nina maswali mawili.

La kwanza: TAIRI LIKIPASUKA UKIWA KATIKA MWENDO WA KILOMITA 100 KWA SAA, UTAFANYA NINI?

La pili: MAISHA YAKO YAKIPASUKA USIKU WA LEO, UTAMSHIKA NANI?

Swali la kwanza wengi wanalijibu upesi upesi: "Nakanyaga breki!" Rafiki yangu, jibu hilo limeshawapeleka watu kaburini. Soma mpaka mwisho, maana maswali haya mawili ni ndugu, tena wa tumbo moja.

NILIKUWA UTINGO

Mimi sikuzaliwa mhubiri. Mwaka 1998 nilikuwa kijana wa miaka 19, utingo wa lori huku kwetu Kigoma. Wakati ule Mtabila ilikuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi, watu waliokimbia vita vilivyozuka baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa mwezi Oktoba 1993. Malori ya mahindi na maharage yalikuwa hayakauki njiani. Na barabara ya Kibondo hadi Kasulu, wenyeji wenzangu mnakumbuka, ilikuwa udongo mtupu. Masika ni tope, kiangazi ni vumbi jekundu mpaka ndani ya meno.

Kazi ya utingo ni nini? Kupakia, kufunga turubai, kuweka kigingi gari likisimama mlimani, na kila asubuhi kukagua matairi. Asubuhi moja pale Kibondo, nikiwa bado nimejifunika koti kwa baridi, nikazunguka lori. Tairi la mbele kushoto lilikuwa na nundu ubavuni, ukubwa wa yai la kuku. Nikaliona. Nikalipapasa kwa mkono wangu huu ninaoandikia.

Nikanyamaza.

Utaniuliza, kwa nini? Nitakwambia ukweli bila kuuremba. Spea yetu ilikuwa kipara. Nikisema, safari inalala. Safari ikilala, posho hakuna. Na jioni ile nilikuwa na miadi Kasulu, kwenye disko. Nikasema moyoni, "Ah, litafika tu."

Juu ya magunia tukapakia watu watano. Mmoja alikuwa kijana wa rika langu, anarudi Mtabila kwa mama yake. Alikuwa na kitenge kipya kwapani, kamnunulia mama. Alinipa mkono, akanishukuru kwa kumsaidia kupanda. Alinishukuru mimi!

Tulikuwa tumeshapita Makere. Ukaja mteremko mrefu, Mzee, dereva wetu, akaliachia lori lishuke, mshale unacheza kwenye 80. Mara, PAAA! Watu wa juu walidhani ni bunduki. Wengine walikuwa wameikimbia bunduki, wanaijua sauti yake. Lori likavuta kushoto, linatafuta korongo. Nikapiga kelele, "Mzee, breki! Kanyaga breki!"

Mzee hakukanyaga breki.

Nilimwona kwa macho yangu. Mikono yote miwili kwenye usukani, mishipa ya shingo imemtoka, mguu anautoa kwenye mafuta taratibu kama mtu anayeondoka kwa mtoto aliyelala. Akalishikilia lile lori barabarani, njia ile ile, kama mtu aliyemshika dume la ng'ombe pembe. Hakulirusha kulia. Hakulipigia kelele. Akaliacha lichoke lenyewe. Lilipochoka akashusha gia, akashusha nyingine, akaligusa breki mwisho kabisa, tukasimama pembeni. Nyuma yetu rimu ilikuwa imechimba mtaro barabarani.

Nikaruka chini, nacheka kwa furaha. Mzima! Ndipo nikasikia mtu analia nyuma kule, mbali.

Lori lilipovutwa, yule kijana wa kitenge alirushwa. Mguu wake ulikuwa umevunjika mahali pawili. Kitenge kimekunjuka, kimelala vumbini.

Gari moja likapita, likamchukua kumpeleka hospitali. Sisi tukabaki na lori, tukakoka moto. Usiku ule dhamiri ilinichoma kuliko moto wenyewe. Nikamwambia dereva, "Mzee, naomba unisamehe. Lile tairi lilikuwa na nundu. Niliiona asubuhi."

Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Mwanangu, mimi niliiona tangu juzi."

Umesikia, kijana? Wawili tulijua. Aliyevunjika mguu hakujua kitu. Yeye alituamini.

KUMBE TAIRI HALIPASUKI GHAFLA

Watu husema, "Tairi limepasuka ghafla." Si kweli sana. Sauti ndiyo ya ghafla. Kazi ya kupasuka ilianza zamani.

Adui mkubwa wa tairi ni joto. Tairi lenye upepo mdogo hubonyea ubavu linapogusa ardhi, halafu hunyooka linapopanda. Tairi la gari dogo, kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, huzunguka zaidi ya mara 14 kwa sekunde moja. Hebu chukua kipande cha waya, ukikunje na kukikunjua hivyo mara nyingi. Si kinapata moto na kukatika? Ndivyo zinavyochemka na kukatika nyuzi zilizomo ndani ya mpira. Ongeza mzigo kupita kiasi, ongeza jua la mchana, ongeza mwendo, basi umejenga bomu lako mwenyewe na umelikalia.

Ile nundu ni nini? Ni dalili kwamba nyuzi za ndani zimeshakatika, upepo unasukuma ngozi ya nje iliyobaki peke yake. Tairi la namna hiyo halina dawa. Halizibwi wala haliombewi. LINATOLEWA.

Na uzee? Tairi linazeeka hata kama halijatembea. Ubavuni mwake, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Ukisoma 3518, ujue lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2018. Wengi wananunua mtumba unang'aa, kumbe ni mzee aliyepakwa rangi. Wengine wanachukua kipara, wanalichonga mistari mipya kwa kisu cha moto, linaonekana jipya. Mistari ile inakula mpira uleule mwembamba uliobaki! Katika nchi nyingi mistari ikifika kina cha milimita 1.6 tairi halifai tena barabarani. Wewe la kwako lina kina gani? Umewahi kuinama ukaangalia?

Na vitu vidogo, usividharau. Tarehe 25 Julai 2000 ndege ya Concorde, iliyokuwa inaruka kasi kuliko sauti, ilikuwa inaondoka Paris kwenda New York. Njiani pake palikuwa na kipande cha chuma kilichodondoka kutoka ndege iliyotangulia kuruka. Tairi likakikanyaga, likapasuka, kipande cha mpira kikapiga tangi la mafuta bawani, moto ukawaka. Wakafa wote 109 waliokuwa ndani, na watu 4 chini. Ndege ya mataifa mawili makubwa, Uingereza na Ufaransa, na mwanzo wake ni kipande cha chuma na tairi!

SEKUNDE ZA KWANZA

Sasa sikiliza kwa makini. Haya uyashike hata kama mengine yote utayasahau. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gari linakwenda karibu mita 28 kila sekunde. Hutakuwa na nafasi ya kufikiri. Fikiri leo.

1. SHIKA USUKANI KWA MIKONO YOTE MIWILI. Tairi la mbele likipasuka, gari litavuta upande wa tairi hilo. La nyuma likipasuka, mkia wa gari utayumba kama mkia wa samaki. Anayeendesha kwa mkono mmoja huku mwingine una simu, huyo hatawahi.

2. USIKANYAGE BREKI. Ukikanyaga, uzito wote wa gari unakimbilia mbele. Tairi lililopasuka limeshakuwa kitambaa, halishiki barabara, na lile zima la upande wa pili linashika. Upande mmoja unasimama, mwingine unakwenda. Gari linageuka, au linapinduka.

3. NYOOSHA NJIA. Usirushe usukani kwenda kulia wala kushoto. Linapovuta, lizuie kwa nguvu ya kiasi, libaki kwenye njia yake.

4. ONDOA MGUU KWENYE MAFUTA TARATIBU. Usiuchomoe kwa hofu. Acha gari lipungue lenyewe. Likiwa na gia ya mkono, injini nayo itakusaidia kulizuia.

5. LIKISHAPOA, mwendo uwe mdogo kama wa baiskeli iliyochangamka, washa taa za kuashiria, toka barabarani upande wa kushoto polepole. Usisimame kwenye kona wala kileleni mwa mlima. Weka pembetatu nyuma mbali na gari. Abiria washuke, wakae mbali na barabara.

Na wewe wa bodaboda? Kwako ni vigumu zaidi, maana una magurudumu mawili tu. Kaza mikono kwenye usukani, bana tangi kwa magoti, ondoa mafuta taratibu, nyooka. USISHIKE BREKI YA GURUDUMU LILILOPASUKA. Limepasuka la nyuma? Mwendo ukishapungua, gusa ya mbele kwa upole sana. Limepasuka la mbele? Gusa ya nyuma. Na umwambie aliyekaa nyuma atulie, asiyumbe. Mkiwa mmepanda mshikaki watu watatu, nani atamtuliza nani? Na ile kofia ngumu uliyoitundika kwenye kioo, kioo hakina ubongo! Ivae kichwani.

Na wewe abiria? Funga mkanda. Dereva akikimbia, mwambie, "Dereva, punguza mwendo." Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iko upande wako: basi la abiria mwisho wake kilomita 80 kwa saa njia kuu, na penye makazi ya watu 50. Lakini tairi likipasuka, usipige kelele kama nilivyopiga mimi, na kamwe usimshike dereva mkono.

MGUU UNAOKIMBILIA BREKI

Sasa nikuulize. Kwa nini mguu wa mtu hukimbilia breki? Ni hofu. Hofu haiulizi kichwa. Hofu ina njia moja tu: simamisha sasa hivi, chochote kiwe!

Kijana, maisha nayo yana PAAA yake. Matokeo ya kidato cha nne yametoka, jina lako lina sifuri. Baba amefariki, ndugu wamegawana shamba, wewe mama yako hakuolewa kwa ndoa. Binti uliyempenda amepata mimba, na kwao wanakutafuta. Pikipiki ya mkataba imeibwa, mwenye nayo anataka hesabu ya wiki. Uliomba nafasi, wamechukua mtoto wa fulani. PAAA!

Na mguu unakwenda wapi? Kwenye breki. Mmoja anakimbilia gongo, asubuhi bado anayumba. Mwingine anatoroka usiku, anamwacha binti na mimba yake. Mwingine anachukua panga la kulipiza. Mwingine, Mungu atuhurumie, anaangalia kamba au sumu ya mahindi, anasema simamisha sasa hivi.

Wewe unayesoma sentensi hiyo ukatetemeka, nakuambia wewe: ONDOA MGUU HAPO. Usifanye lolote usiku wa leo. Shika usukani. Nyoosha njia. Mwendo utapungua, nakuhakikishia, maumivu yana tabia ya kuchoka. Nenda kwa mtu mzima unayemwamini, mama mdogo, mwalimu, mzee wa mtaa, mchungaji, mwambie kwa maneno haya haya: "Nimepasukiwa." Usibaki peke yako na jambo hilo mpaka asubuhi.

USIMJARIBU MUNGU

Kuna gari nililiona stendi. Nyuma limeandikwa kwa rangi nzuri kabisa, MUNGU NI MLINZI WANGU. Nikainama chini, matairi vipara vinne! Ndugu yangu, hiyo ni imani au ni matusi?

Soma Mathayo sura ya 4. Shetani alimpandisha Yesu juu ya hekalu, akamwambia ajitupe, eti malaika watamdaka. Tena alitumia Maandiko kumshawishi! Yesu alikataa. Alijua kwamba kumtegemea Mungu ni jambo moja, na kumjaribu ni jambo jingine. Anayekanyaga mafuta juu ya tairi lenye nundu huku anasema "Mungu atatufikisha," huyo anajitupa kutoka juu ya hekalu, na amewafunga kamba abiria wake kiunoni.

Soma pia Mathayo sura ya 25, wale wanawali kumi. Wote walikuwa na taa. Wote walisinzia. Tofauti yao ilikuwa akiba ya mafuta tu, na akiba ile haikupatikana usiku wa manane. Spea ni hivyo hivyo. Huulizi habari za spea tairi likishapasuka. Je, ya kwako ina upepo? Jeki iko wapi? Spana umeazima nani?

WALIOKUFA SAME

Jumamosi ya tarehe 28 Juni 2025, mahali panapoitwa Sabasaba, wilaya ya Same, Kilimanjaro, basi kubwa na basi dogo yaligongana uso kwa uso, yakawaka moto. Watu zaidi ya 35 walikufa. Wengi waliungua hata ndugu zao hawakuweza kuwatambua kwa sura. Taarifa ya serikali ilisema tairi la basi lilipata hitilafu, dereva akashindwa kulimudu.

Nisikie vizuri. Usithubutu kusema, "Walikuwa na dhambi." Watu walimletea Yesu maneno kama hayo, imo katika Luka 13. Akawakumbusha habari za watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, akasema hawakuwa wakosaji kupita wenzao wa Yerusalemu. Halafu akawageukia waliosimama mbele yake, wazima, wanaopumua, akawaambia habari ya toba yao wenyewe.

Waliokufa Same walikuwa mama, baba, watoto, watu wa nyumbani. Tuwalilie. Na mimi na wewe tuliobaki, tuinamie matairi yetu.

NANI YUKO JUU YA MZIGO WAKO?

Narudi kwa yule kijana wa kitenge. Siku ya tatu nilikwenda Mtabila kwa miguu, nikamtafuta mama yake. Nilimkuta mbele ya kibanda cha udongo chenye turubai juu, anachambua maharage. Nikapiga magoti, nikamwambia yote: nundu, posho, disko. Sikuficha.

Mama alinitazama. Hakunitukana. Akaniuliza swali moja tu, "Mwanangu, ungekuwa umepanda wewe kule juu, ungesema?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo swali lile ndilo mahubiri makubwa kuliko yote niliyowahi kusikia, na halikutoka madhabahuni.

Maana ndiyo dhambi yenyewe ile, kijana. Unafikiri dhambi ni sigara tu na disko? Dhambi ni kuijua nundu na kunyamaza kwa sababu atakayerushwa ni mtu mwingine. Unajua afya yako haiko sawa, na hupimi, na bado unamwita binti wa watu. Unajua pikipiki haina breki, unampakia mjamzito. Unajua fedha ya ada umeicheza kamari, na mdogo wako anakusubiri kwa imani. Kuna watu wamekaa juu ya mzigo wako. Hawaoni matairi. Wamekupa mkono, wakakushukuru.

Jumapili ile niliingia kanisa la miti na turubai ndani ya kambi. Nilikaa nyuma. Mhubiri alipoita wanaotaka kutubu, miguu yangu ilikuwa mizito kuliko gunia la mahindi. Nikaenda. Nikamwambia Yesu maneno yale yale niliyomwambia Mzee kwenye moto: "Naomba unisamehe. Niliiona." Na Yesu hakunijibu kwamba hata Yeye alinyamaza. Yeye ndiye pekee asiyenyamazia nundu za watu, na ndiye aliyekubali kuvunjwa Yeye, ili mimi nipone. HALELUYA!

Mguu wa yule kijana uliunga, ila ukabaki mfupi kidogo. Alinisamehe kabla ya mama yake. Kambi ilipofungwa mwezi Desemba 2012, alirudi kwao Burundi anachechemea, na familia yake. Leo pale Mtabila kuna kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, vijana kama wewe wanakimbia mchakamchaka ambapo mama yule alichambua maharage. Na barabara ile ya vumbi, siku hizi sehemu kubwa ina lami. Tunamshukuru Mungu kwa lami. Lakini lami imeleta mwendo, na tairi bovu kwenye vumbi lilivunja mguu. Kwenye lami litavunja nini?

FANYA MAMBO MAWILI

Kesho asubuhi, kabla tairi halijapata joto, pima upepo. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko mlangoni kwa dereva, na cha pikipiki kwenye kitabu chake au karibu na mnyororo. Pitisha kiganja ubavuni mwa kila tairi, nje na ndani. Angalia mistari, soma zile tarakimu nne. Ukikuta nundu, SEMA. Hata kama wewe ni utingo tu. Hata kama safari italala. Posho iliyolala inaamka kesho yake. Mtu hafanyi hivyo.

Na usiku wa leo, kabla hujalala, pitisha kiganja kwenye moyo wako. Unajua nundu iko wapi. Huhitaji nabii akuonyeshe. Kama uko tayari, sema maneno haya, hata kwa kunong'ona, hata ukiwa umekaa juu ya pikipiki yako:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Niliiona nundu, nikanyamaza. Niliwapakia watu juu ya ubovu wangu. Nisamehe. Unisafishe kwa damu yako. Nipe ujasiri wa kwenda kwa wale niliowaumiza, niwaombe radhi. Kuanzia leo shika Wewe usukani, na siku ya kupasukiwa unifundishe kutulia. Amina."

Umesema kwa moyo? Basi inuka. Mtafute leo leo mtu mmoja uliyemkosea, anza naye. Halafu nenda kanisa lolote la karibu linalomhubiri Yesu, ukae na watu wa Mungu.

Kikaratasi hiki usikitupe. Mpe dereva. Mpe utingo. Mpe yule wa bodaboda atakayekurudisha nyumbani sasa hivi. Lakini kabla hujapanda, inama kidogo, uangalie matairi yake.

YESU ANAKUPENDA!